Nilisema Umeneja Umetoka kwa Farasi

Mpendwa Bi Paskalina,

Kabla hujaendelea, nakuomba kwa heshima barua hii uifungie mezani kwako, na hata ukiichapa usitaje jina langu wala shirika letu, maana nikijulikana nimekwisha.

Mimi ni karani wa miaka ishirini na mbili katika ghala la shirika la umma, na kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne wenzangu huniita Kamusi, jina ambalo, nakiri, nilikuwa nalipenda. Mwezi uliopita Bi Siwema, anayetupikia chai, aliniuliza, "Kamusi, huo umeneja wenyewe ni nini hasa?" nami badala ya kusema sijui nilikwenda maktaba saa ya mapumziko, nikasoma kwamba kitenzi cha Kiingereza "manage" siku hizi ni kusimamia kazi au watu, tena ni kumudu jambo gumu, lakini Waingereza walikipata kwa Waitaliano, waliokitumia kwa kumfunza na kumwongoza farasi, na shina lake ni neno la Kilatini la mkono. Nikarudi mbio, nikasimulia penye birika, na kwa kutaka kuchekesha nikaongeza, "Basi farasi ndio sisi!"

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Kesho yake wapakuzi wa magunia wakawa wanaitana farasi, na meneja wetu, Ndugu Vitalis, alipomhimiza mzee Nassibu, mpakuzi wa siku nyingi, mzee akamjibu, "Kwanza nipe majani, Ndugu Meneja, ndipo nikimbie." Ghala zima likaangua kicheko. Sasa Ndugu Vitalis anaamini mzee Nassibu ndiye aliyezusha maneno haya ili kuchochea watu, amemwandikia ajieleze Ijumaa mbele ya kamati ya wafanyakazi kwa nini asiachishwe kazi, na barua hiyo nimeipiga taipu mimi mwenyewe. Jana akaniita: "Kijana, wewe Kiingereza unakijua. Niandikie ukurasa mmoja kwamba neno hili halina farasi ndani yake." Nikajibu, "Sawa, Ndugu."

Mzee anajua yametoka kwangu, lakini hajanitaja kwa mtu. Nilipomwamkia leo aliitikia "Marahaba, mwanangu" kama siku zote. Nikisema kweli nitafukuzwa, na mama yangu na wadogo zangu huko Masasi wananitegemea. Nikiandika uongo, mzee anaondoka. Nifanyeje?

Usijibu kwa anwani ya ofisi. Bahasha mwachie Sadalla, fundi cherehani wa Mtaa wa Msimbazi, iandikwe juu "Vipimo vya suruali", na asiulizwe kitu.

Karani Mwenye Hofu

JIBU

Mwanangu,

Ijumaa haitalisubiri gazeti, kwa hiyo jibu hili nimelipeleka mwenyewe kwa fundi wako leo Jumanne. Litachapwa baadaye, na majina yote nimeyabadilisha.

Hofu yako naielewa. Mwenye kutegemewa na nyumba nzima hutetemeka zaidi ya wengine. Kufungua kitabu si kosa. Mzaha wako nao ulikuwa mdogo, na watu wasingeushika hivyo kama wasingekuwa tayari wamechoka kukimbizwa. Kosa lako ni ile "Sawa, Ndugu." Hapo ulikubali kuifuta kweli uliyoisoma kwa macho yako, ili mtu mwingine abebe gunia lako.

Ukurasa ulioagizwa uandike, lakini uandike ulichokikuta maktaba, chote: farasi, mkono, na maana ya leo. Taja jina la kitabu na ukurasa wake. Eleza pia kwamba neno halifungwi na lilikozaliwa. Lililokuwa la farasi karne zilizopita leo laweza kuwa la kuongoza watu kwa heshima, na hilo liko mikononi mwa meneja, si mwa kamusi. Chini kabisa ongeza: "Mzaha wa farasi ni wangu. Mzee Nassibu aliusikia kwangu." Tia sahihi. Nakala moja kwa meneja kesho asubuhi, ana kwa ana, nyingine kwa mwenyekiti wa kamati kabla ya saa ya chai.

Siwezi kukuahidi kwamba hutafukuzwa. Lakini wewe una kidato cha nne na miaka ishirini na mbili. Nassibu ana mgongo tu, nao umeshaanza kupinda.

Kabla ya yote hayo mtangulie mzee getini, umwamkie, umwambie unachokwenda kufanya. Usimwombe aendelee kukufichia siri. Ameificha vya kutosha.