Mama Aliitikia Amina

Shosti, nimeaibika.

Watu wa kanisani walikuja wodini kumwombea mama. Mchungaji akaniambia, "Binti, tufungie kwa sala."

Nikafumba macho, nikajikuta nasema kwa sauti, "Mungu, tumekuomba mpaka tumechoka na uvimbe unazidi kukua. Kwani hutusikii?"

Yaani nilimwambia Mungu hivyo! Mbele ya mchungaji!

Hakuna aliyeitikia. Shangazi, aliyekuwa kando yangu, akanifinya, "We mtoto, unakufuru?"

Ndipo mama, ambaye tangu asubuhi hajafungua mdomo, akasema, "Amina."

Amina, shosti!

"Mwache amwambie," akasema. "Hata mimi namwambia hivyohivyo, na bado namtegemea."

Uvimbe uko palepale. Nimekaa koridoni, namwomba tena huku nimemkasirikia.