Nilibadilisha Mbili Kuwa Moja

Mpendwa mshauri, naandika huku mwanangu amesimama mbele yangu na sukari imemjaa mdomoni, nimemuuliza nani kachovya kwenye kopo, akaficha mkono nyuma na kunitazama bila kupepesa, nikataka kumgombeza nikashindwa, kwa sababu wiki hii hata mimi nimeficha mkono.

Nafanya kazi kwenye shamba la kuku wa mayai, napanga trei na kujaza hesabu kwenye kompyuta. Shule niliishia katikati, ila bosi alinifundisha kompyuta nikaipenda, nikaanza kuota kwamba siku moja nitakaa ofisini kabisa. Sasa bosi ameletewa chakula kipya cha kiwandani, banda moja likalishwa hicho, la pili likabaki na kile anachochanganya Shangazi, si shangazi wa damu, ni mama mtu mzima wa stoo anayenishikia mtoto nikiwa kazini. Nikapima uzito wa mayai, nikaweka kila banda safu yake kwenye jedwali la kompyuta, bosi akanionyesha fomula ya jaribio la T, akasema itatoa namba ya kutuambia kama tofauti ni ya kweli au ni bahati tu, ikishuka chini ya sifuri nukta sifuri tano tunahamia chakula kipya. Alivyosema tu nikajua anataka ishuke.

Ikatoka sifuri nukta sifuri nane. Mshauri, karibu na mwisho wa fomula kuna mahali pa kuandika mbili au moja, bosi alinionyesha mbili na mimi nikadhani ni kwa sababu mabanda ni mawili, basi nikajaribu moja nione, namba ikakatika nusu, ikawa sifuri nukta sifuri nne. Nikaiacha hivyo. Sikuuliza, nikaipeleka. Bosi akaniita mtaalamu mbele ya wote, nikacheka nao, kisha akasema, "Basi, stoo ya kuchanganyia tunaifunga mwisho wa mwezi," na Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, mwanangu mgongoni.

Jioni akanipongeza. "Nilijua tu utafika, mwanangu," akasema. Nikisema ukweli bosi ataniona mjinga au mwongo, na ofisi ndiyo basi, nikinyamaza nitampaje tena Shangazi mtoto anibebee? Nimeazimia nikimaliza barua hii niende moja kwa moja ofisini kwa bosi nimwambie kuwa, ngoja, Shangazi ananiita huko nje, mtoto ame

*

Mama wa mla sukari, natumaini mtoto ni mzima. Tuje kwako.

Pole, ila pole yangu ni fupi. Ile mbili haihesabu mabanda. Ukiandika mbili unauliza kama mayai yanatofautiana, upande wowote ule. Ukiandika moja unadai tangu mwanzo ulikuwa unatafuta upande mmoja tu. Swali huchaguliwa kabla ya jibu kuonekana. Wewe uliona jibu, ukarudi kubadilisha swali. Kutojua maana ya mbili si kosa lako, na aliyekufundisha kubonyeza bila kukueleza abebe sehemu yake. Kosa lako ni kuiacha ile namba kwa sababu ilipendeza. Ulijua si sawa, ndiyo maana hukuuliza.

Kesho asubuhi, kabla bosi hajashika simu kuagiza chakula kipya, fungua jedwali mbele yake na urudishe mbili akiona. Mwambie ulichofanya kwa sentensi moja, usilie. Mweleze kwamba namba ya kwanza haisemi chakula kipya ni kibaya, inasema mlichopima hakitoshi kuamua. Mpime mayai mengi zaidi, mkubaliane fomula kabla ya yai la kwanza kupanda mizani, na mtazame wastani pia, maana kama yai limezidi kwa uzito wa unyoya tu, stoo ya mtu inafungwa kwa lipi? Akinuna, mwache anune.

Shangazi mwambie baada ya bosi, si kabla. Usimbebeshe na siri, mtoto anatosha. Na usimwahidi kitu. Huenda mkipima upya stoo ikafungwa kweli, lakini itakuwa imefungwa na mayai, si na kidole chako.

Barua yako imekatikia kwenye "nimwambie kuwa". Sitakumalizia. Maneno yaliyobaki si ya kuletewa mimi, yana mwenyewe, na mlango wake unaujua.