Moshi wa Nailoni Ijumbi

Kwa marehemu Damian,
Ijumbi, Muleba,
Kagera.
3 Septemba, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Kashaija,

Nakusalimu waitu, wewe na mkeo Annastella na binti yetu Klaudia. Nasikia baridi ya Iringa imewashika kweli mwaka huu. Kifua cha Annastella kimepona? Mwambie aache kunywa maji ya baridi ili kuwaonyesha wenyeji kwamba haogopi. Mimi ni mzima. Mgongo unauma nikiinama na unauma nikiinuka, kwa hiyo sina haja ya kuchagua.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu mtandao hapa unashika juu ya kile kichuguu cha mpakani tu, na ng'ambo ya mpaka ni kwa shemeji yangu Rugemalira. Tangu nianze kupanda kichuguu, naye ameanza kupalilia papo hapo. Upande ule haujabaki na lumbugu hata moja.

Migomba haijambo. Mnyauko umekula michache ya bondeni ukaridhika. Kahawa imechanua vizuri, nami nimejizuia kuisifu.

Umeniuliza ni kazi gani hii ninayofanya, maana Klaudia amewaambia wenzake kwamba shangazi yake anashona soksi za mashine. Ameeleza vizuri kabisa. Yale magari ya kuchimba barabara yana mipira inayopitisha mafuta kwa nguvu ya kutisha. Mpira ukisuguana na chuma muda mrefu unatoboka, na mafuta yakiruka yanaweza kumuunguza fundi uso. Basi mpira unavalishwa mfuko mrefu wa nailoni nzito, ili kinachosagika kiwe nguo. Nyaya za pampu za ziwani nazo zinavalishwa, kwa ajili ya mawe. Avit, yule mwenye gereji Bilele mjini Bukoba, alikuwa akizisubiri soksi hizo kutoka Dar mpaka mashine zinaota nyasi. Nilimwomba moja iliyochakaa, nikaifumua uzi kwa uzi, nikaona ni mkeka tu uliokunjwa kuwa mrija. Na mkeka, mama alitufundisha kabla hatujajua kusoma.

Mzee Rutaihwa, mwenyekiti wa ukoo wa mume wangu Damian, aliniuliza mashine ina miguu mingapi hata ivae soksi. Nikamwambia inategemea imeamkaje.

Kazi yenyewe iko kwenye miisho. Nailoni ukiikata inafumuka kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla, kwa hiyo kingo lazima uziunguze kwa kisu kilichotiwa motoni, zishikane. Ndiyo sababu mafiga yangu hayapoi, na moshi wake si wa kumkaribisha mgeni.

Sasa nikueleze kwa nini moshi huo umekuwa kesi. Unakumbuka Damian alipofariki, na sisi hatukujaliwa mtoto, Rugemalira alikitaka kibanja, shamba hili na nyumba yake, siku ile ile ya kuanua matanga. Ukoo ukamzuia kwa sharti: mjane akae, mradi nyumba inatoa moshi kila siku. Moshi ukikatika, mjane ameondoka, na ndugu wa marehemu aingie. Najua serikali ina sheria zake juu ya wajane. Lakini sheria haiji kulala hapa, na Rugemalira yupo kila siku. Bukoba naenda kupeleka soksi na narudi jua halijazama, kama mbuzi anayejua urefu wa kamba yake. Tangu tumzike Damian sijalala nje ya nyumba hii.

Mwezi uliopita Rugemalira akaita kikao. Wazee wakaja, wakakaa kibarazani na rubisi yao, pombe ya ndizi, Rugemalira akasimama kama wakili.

"Huu si moshi wa nyumba," akasema. "Nyumba inanuka ndizi. Hii inanuka gereji. Huyu mama hapiki, anachoma matambara. Mtu asiyepika amekwisha kuhama."

Mzee Rutaihwa akanusa, akapiga chafya. "Tulisema moshi," akasema. "Hatukusema wa nini."

"Mzee, moshi wa mtu anayeishi ni wa chakula."

"Wewe Rugemalira, mkeo alipokwenda kuuguza mama yake ulikula mikate siku zote zile. Ulikuwa umehamia wapi?"

Wakacheka mpaka rubisi ikamwagika. Hata mimi niliuma kitenge. Kisha mzee akaamua, kwa sauti ya kusikika mpakani: moshi wowote ni moshi, kibanja ni cha mjane, ila siku moshi usipoonekana hapatakuwa na kikao kingine. Akatoa akamwani ya kufunga shauri, tukagawana ile kahawa mbele ya wote. Nilipokuwa naitafuna ndipo nikaona nilichokifanya. Zamani sharti lilikuwa maneno ya msibani, ya kuulizwaulizwa na kusahauliwa. Sasa nimeshinda, nimelitafuna, nimelimeza. Wote wakanipongeza kwa mkono, mmoja mmoja, kama mtu aliyepata kazi ya kudumu.

Barua yako ya kipaimara cha Klaudia ikanifikia baada ya hapo. Nimeisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Unasema mtoto amekataa msimamizi mwingine, kwamba shangazi ndiye aliyemshika alipobatizwa na ndiye atakayemshika bega mbele ya askofu. Kashaija, toka hapa mpaka Iringa, kukaa na kurudi, ni wiki ya mafiga yaliyopoa. Nilikwisha kuandika barua ya kukataa, ndefu na yenye adabu. Niliitumia kuwashia moto.

Aliyenizuia kukataa ni mtu ambaye usingemdhania, Georgina, mke wa Rugemalira. Alikuja kuomba chumvi, naye chumvi anayo. Akakaa akinitazama nikiunguza kingo, nami nikamweleza habari ya kipaimara.

"Niachie mafiga uende," akasema.

"Na mumeo utamwambia nini?"

"Nitamwambia nakuja kulala hapa nikuchunguze, nione kama unapika. Atafurahi sana. Atanibebea mwenyewe mkeka."

"Akiuliza mbona moshi unaendelea kutoka nami sipo?"

"Nitasema nilikuta moto unawaka, sikujua pa kuchota maji."

Nikamuuliza yeye anapata nini. Akasema anataka kulala wiki moja mahali ambapo hakuna mtu wa kumuuliza chumvi imekwenda wapi. Tumeishi jirani miaka yote hii nikidhani ni mimi peke yangu niliyefungiwa huku.

Basi nimemfundisha. Soksi yake ya kwanza ilitoka kama mguu uliovunjika ukaungwa na mganga, na kidole ameunguza, lakini sasa kingo zake zinashika. Rugemalira anamsifia kwa kuja kwangu kila siku. Anamwambia, "Mtazame vizuri huyo." Na kweli ananitazama vizuri.

Mpango ni huu. Alhamisi ya wiki ijayo nitakwenda Bukoba na mzigo wa soksi kama kawaida, nilale Kibeta kwa Avit na mkewe. Ijumaa asubuhi nitapanda basi la kuja huko, na basi hilo litanipitisha tena hapa Muleba. Kuna kona moja barabarani ambapo mlima wetu unaonekana mpaka migomba. Nikiona moshi juu ya migomba, nitakaa kitini mpaka Iringa. Ninachokiogopa ni kwamba Rugemalira si mjinga, ni mkaidi tu, na asipomwona mtu wa kumchunguza ndani ya nyumba, anaweza kumvuta mkewe arudi usiku ule ule. Nikipita pale na juu ya migomba ni kweupe, nitamwambia kondakta asimamishe, nikimbie kuwasha kabla watu hawajahesabu siku. Nimemwomba Georgina asinitumie habari yoyote. Nitatazama mwenyewe.

Msalimie Annastella, na kaka Kahigi mkionana naye. Mwambie Aroni, fundi wako wa viatu, kwamba uzi alionitumia ni imara kuliko wa Avit, ila Avit asisikie.

Basi likifika stendi ya Iringa usimwambie Klaudia kwamba ninakuja. Nenda peke yako, usimame. Nikishuka, nipeleke nyumbani nioge kabla sijamkumbatia mtoto. Nisiposhuka, jua nimeshuka Muleba. Usikasirike na usinisubiri. Mtafute mwanamke mwenye mkono mzito amshike mtoto bega, na umwambie asiuondoe haraka.

Mungu awafunike wote watatu, na awape usingizi usiokatika.

Ni mimi dada yako, akupendaye bila kupungua,

Anatolia