Pimia Mama

Jumamosi, 3 Mei

Ukuta umeanguka! Ule wa kati ya jiko na stoo. Fundi aliugonga nyundo tatu tu, ukajilaza wenyewe kama mtu aliyekuwa akisubiri ruhusa. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Nimelikuta hata ndani ya kopo la chumvi, na kopo lilikuwa limefungwa.

Kwa sasa tunapikia barazani. Nimesema "tunapikia" kwa heshima tu. Baba Watoto amechemsha maji ya chai, basi kutwa nzima anajisifu.

Niandike kwa nini tunabomoa, maana najijua, nikichoka nitasahau. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni mama mkwe. Anaishi peke yake, na miezi miwili iliyopita alianguka jikoni kwake, akabaki sakafuni mpaka jirani alipokuja kuomba kiberiti. Mwanawe anataka ahamie kwetu. Amekataa mara tatu. Anasema nyumba hii ina mwenyewe, na yeye uzee wake hataki kuumalizia ugenini. Tumemwandalia chumba changu cha cherehani hata hivyo. Cherehani sasa iko sebuleni, inatazamana na televisheni.

Ya pili ni mgongo wangu. Nina futi sita kasoro inchi moja. Mama mkwe alinibatiza Mlingoti siku ile ile niliyopelekwa nikaonwe, na mpaka leo hanijui kwa jina jingine. Miaka kumi na minane naosha vyombo nimeinama kama natafuta sindano iliyodondoka. Chumba nimekitoa, na kwa moyo mweupe. Lakini kaunta hii ni yangu. Nitasimama wima jikoni mwangu angalau mara moja kabla sijafa!

Jioni Baba Watoto amempigia fundi simu, nami nikisikia kwa masikio yangu: kaunta na sinki asikisie kimo, "pimia mama." Nimefurahi. Watoto wako bweni, lakini tangu tupate kifungua mimba, mbele za watu huniita mama.

Jumapili, 4 Mei

Hakuna fundi. Hakuna vumbi jipya, la jana linatosha.

Nimechora jiko nyuma ya karatasi ya kukatia sketi. Sinki hapa, kabati la vyombo pale, friji upande wa stoo chini ya dirisha. Kimo cha kaunta sikuandika. Fundi atanipima.

Jumatano, 7 Mei

Fundi tumempa jina: Niko-Njiani. Ukimpigia saa mbili, yuko njiani. Saa tano, yuko njiani. Sijui ni njia gani hiyo isiyofika popote. Lakini akifika anafanya kazi ya watu wawili, na anafagia. Fundi anayefagia! Nimemsamehe nusu ya dhambi zake.

Leo sikuwepo. Kazini tuna sare za shule mia mbili za kukata, mkono wa mkasi umekufa ganzi. Kumbe mama mkwe alikuja na mwanawe kuangalia chumba. Nimemkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya kokoto, anachekacheka peke yake. Si kawaida yake.

Amemsifu sana fundi. Kijana wa adabu, anasema. Eti alimwuliza akikata vitunguu anasimamaje, mikono anaiweka wapi. Nami nikacheka, nikasema Niko-Njiani anajua kuchangamsha wazee. Kuhusu kuhamia hakusema ndiyo. Amesema Jumamosi ya tarehe kumi na saba atakuja wiki moja. "Nakuja kuangalia. Siji kukaa." Basi na tuangaliwe.

Ijumaa, 9 Mei

Wamemwaga zege la kaunta! Nimerudi saa kumi na mbili, nimekuta fundi amepigilia mbao mbili mlangoni. Hakuna kuingia mpaka Jumanne, zege lisije likaegemewa. Anatujua.

Nimechungulia kwenye upenyo. Magunia yaliyoloweshwa tu. Nje ya mlango, mwiko wake wa zege ulikuwa kwenye karai moja na mwiko wangu wa kusongea, imelala pamoja kama ndugu. Nimeuchukua wa kwangu.

Jumanne, 13 Mei

Sina nguvu ya kuandika kirefu.

Ametoa mbao. Ametoa magunia. Nimeingia nimejipaka mafuta mikononi kama bibi harusi. Nimesimama mbele ya kaunta.

Imenifika mapajani.

Nikadhani nimesimama juu ya kifusi. Nikatazama chini. Sakafu tupu. Nikatoa futi yangu ya cherehani mkobani: inchi ishirini na tisa. Mimi nahitaji thelathini na nane. Lile sinki la zamani, adui yangu wa miaka kumi na minane, lilikuwa thelathini na tatu.

Nikamwuliza fundi, kwa upole ulionishangaza mwenyewe, alimpimia nani.

"Mama," akasema. "Si niliambiwa nipimie mama? Mzee alimwita hapa mbele yangu: mama, njoo huku."

Kwanza mzee ni Baba Watoto. Pili, ni kweli, alimwita. Atamwitaje mama yake?

Jumatano, 14 Mei

Jana tumegombana na Baba Watoto kwa sauti ya chini, kama watu wenye adabu. Anasema kosa ni langu, ningekuwepo. Nikasema kosa ni lake, ana mama wawili na neno moja. Kisha akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Nami nikashindwa. Tumecheka mpaka nikalia, na kilio hicho sina hakika kilikuwa cha kicheko tu. Mwenyewe napima watu kutwa, kifua, kiuno, mkono, sijapimwa. Kinyozi hajinyoi.

Tumekubaliana: ibomolewe, imwagwe upya. Niko-Njiani ana kazi nyingine mpaka Jumatatu ya tarehe kumi na tisa. Ameona aibu sana, anasema kazi ya kurudia ni juu yake. Mama mkwe atakuwa hapa, lakini hana haja ya kuambiwa. Akiuliza, fundi amekuja kumalizia, basi.

Jumamosi, 17 Mei

Amekuja. Begi moja dogo, lile la mtu anayejua siku ya kuondoka. Chumba amekipenda, amekisifu kwa maneno mawili. Kisha akaomba kuona jiko.

Nilitangulia kusema: mama, bado halijaisha, vigae hakuna, usilitazame sana. Hakunisikia. Amekwenda moja kwa moja kwenye kaunta, akaweka viganja juu ya zege tupu. Viwiko vyake vikakunjika palepale panapotakiwa. Nashona, najua nguo inapomkaa mtu. Ile kaunta ilimkaa.

Amesimama hivyo muda mrefu. Mimi nikajifanya napanga vikombe.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua, wala mwanawe hakulijua. Maisha yake yote amepika akiwa amepanda juu ya kitu. Kwa mama yake, tofali. Kwa mumewe, kreti. Kwake sasa, kigoda. Na siku ile aliyoanguka, hakuteleza kama alivyotuambia. Kigoda ndicho kilimwangusha. Aliona haya kusema.

"Hii hamkumtengenezea mgeni," akasema.

Nikavipanga upya vikombe vilevile. Baba Watoto alikuwa mlangoni, akaondoka kwenda kutazama bomba ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Jumapili, 18 Mei

Asubuhi nimekuta jiko la gesi liko juu ya kaunta, maharage yanachemka, yeye anaimba. Sijawahi kumsikia akiimba. Ana sauti mbaya na haimsumbui.

Nimejaribu kumsaidia kukata vitunguu. Nikiinama, mgongo unalia. Nikipiga magoti, sioni kisu. Mwisho nikatanua miguu kama twiga anayekunywa maji, hapo nikafika. Akanitazama kwa pembe ya jicho. Akaniambia Mlingoti, vuta kiti ukae. Nimekaa, na nikiwa nimekaa kaunta inanitosha kabisa! Lakini nani anapika maisha yake yote amekaa? Bado nikaona si vibaya. Tulikata vitunguu, tukawasema watu, tukacheka. Siku nzuri, nisidanganye.

Mchana nimemsikia kwenye simu na jirani yake. Anamwambia kile kigoda akichukue, akakikalie au akakichanje kuni, yeye hana kazi nacho tena.

Nimepita mbele ya chumba chake. Begi linaning'inia nyuma ya mlango, tupu.

Usiku nimemwambia Baba Watoto ampigie fundi asije. Akaniuliza na mgongo wangu je. Nikamwambia mgongo una miaka kumi na minane ya mazoezi. Akasema hapana, haiwezekani. Nikasema ndiyo, inawezekana. Tukalala bila kupiga simu.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeomba ruhusa kazini, na saa moja asubuhi nimempigia fundi mwenyewe asije, lakini sijasema neno akanidaka: "Niko njiani, mama." Nikatulia, nikajua tuna mpaka saa saba.

Alikuwa njiani kweli! Miaka yote ya mafundi duniani, na leo ndiyo siku ya kusema kweli. Kabla sijakata simu vizuri, hodi. Mama mkwe ndiye aliyefungua.

Akamkaribisha vizuri. Kisha akaiona nyundo, ile kubwa ya ukuta. Akamwuliza hiyo ni ya nini, kwani kumebaki ukuta gani?

Nilikuwa nyuma yake natikisa kichwa, nakonyeza, natoa ishara zote ninazozijua. Fundi wa watu ni mkweli kuliko saa yake. Akavua kofia.

"Nimekuja kubomoa kaunta, mama. Niliikosea. Nilikupima wewe badala ya mama."

Mama mkwe hakugeuka upesi. Alipogeuka aliniambia niende nikasimame pale kwenye kaunta. Nikaenda. Nikasimama. Akanitazama kuanzia miguuni, akapanda, akapanda, mpaka akafika usoni.

"Na ukanyamaza siku mbili."

"Ulifurahi, mama," nikasema.

Fundi akakohoa, akauliza, basi mama, nibomoe au niache? Hakusema anamwuliza mama yupi. Tukamjibu wote kwa pamoja. Yeye alisema bomoa. Mimi nilisema acha.

Niko-Njiani akaiweka nyundo chini taratibu, akaomba chai.

Saa nne. Naandika juu ya cherehani. Nimekimbilia sebuleni kwa sababu nilitaka kulia na sitaki kulia mbele ya fundi. Bado hatujaelewana. Mama mkwe anasema hakuja kumpinda mwanamke mwenzake ndani ya nyumba yake. Kwamba yeye alipanda juu ya vitu miaka sitini na anajua ni nini kupika katika kimo cha mtu mwingine. Mimi nikamwambia kigoda kimemwangusha mara moja, mara ya pili kitamvunja, nami sitakuwa mtu wa kumrudisha juu yake. Akasema hatarudi kigodani, atarudi kwake. Nikamkumbusha kigoda cha kwake amekigawa jana, nimesikia. Akasema nina masikio marefu kama miguu. Tulikuwa tunapigana, na kila mmoja anamtetea mwenzake! Baba Watoto amepigiwa simu kazini aamue, akasema mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzima.

Begi amelitoa nyuma ya mlango. Nimepita kuona. Liko kitandani, zipu wazi, ndani hamna kitu bado.

Saa nne na nusu. Nyundo haijasikika. Nasikia vikombe. Nasikia fundi akimwambia mteja mwingine kwenye simu kwamba yuko njiani, na yuko jikoni kwangu na kikombe mkononi. Sasa nasikia futi kamba ikivutwa na kurudi, ikivutwa na kurudi, lakini sauti haitoki upande wa kaunta. Inatoka kule stoo, chini ya dirisha, nilikochora friji. Wananong'ona wote wawili.

Sasa mama mkwe anaita kutoka huko huko. "Mama! Njoo upimwe, fundi anasubiri."

Nimegeuka kutazama mlangoni, nione anamwita nani. Hakuna mtu. Nyumba nzima tuko watatu, na wao wawili wako stoo. Mama ni mimi.