Kaburi la Kupanga

Jumatano, 26 Februari 2025

Nimerudi. Treni ya jana jioni. Hinrich alikuja kunipokea kituoni na gari la kanisa. Mchimba makaburi wetu, mpiga kengele, fundi bomba — yote ni yeye. "Moin, Mchungaji," akanisalimu, kisha kilometa ishirini bila neno. Sikushangaa. Watu wa pwani hii ya Ujerumani hawana maneno ya kuchezea, na nimekaa nao miaka ishirini na saba. Kwetu Usangi, nilikokwenda likizo, nilikuwa nimeongea karibu miezi mitatu mfululizo mpaka taya zikauma. Nikaona afadhali.

Nyumba ilikuwa na moto. Frauke hatoki tena kitandani, mapafu yamechoka, lakini alimtuma binti yake Imke awashe jiko na aache mkate na siagi mezani. Frauke ndiye jirani yangu wa kwanza. Huku hicho ni cheo: ukizaa, ukiugua au ukifa, yeye ndiye wa kuanza kufika. Nilipokuja hapa mara ya kwanza na koti lisilozuia hata upepo, alinivika la kwake bila kuniuliza jina.

Leo asubuhi, kabla ya chai, nilikwenda kwa Penieli.

Hayupo.

Pale ni udongo mtupu uliosawazishwa kwa reki, na mbegu za majani juu yake. Jiwe hakuna. Waridi hakuna. Nilihesabu safu mara tatu. Nilidhani nimepotea, mimi, kwenye makaburi ninayozika watu kila mwezi. Kushoto Bwana Ulferts. Kulia ukuta. Katikati hakuna mtu.

Sikulia. Nilitafuta kwa mguu, kama mtu aliyedondosha ufunguo.


Alhamisi, 27 Februari

Nimemkuta Hinrich kwenye kibanda cha mashine. Nikamuuliza mwanangu yuko wapi.

Akavua kofia. Alisema yuko palepale, chini hakuguswa, yeye alisawazisha juu tu. Miaka ishirini na mitano iliyolipiwa kaburi iliisha Novemba. Alidhani najua.

"Ungebandika karatasi ya njano," nikamwambia. Maana ndiyo desturi: kaburi likimaliza muda, karatasi ya njano inabandikwa kwenye jiwe, ndugu waje waongeze miaka au waache.

"Nilikwenda nayo mara mbili. Mara mbili nikarudi nayo mfukoni. Sasa Mchungaji, nani anabandika karatasi kwenye jiwe la mtoto wa mchungaji wake? Nikasema si barua itamfikia."

Barua ilikwenda kwa mume wangu, Elinazi, kwa sababu fomu ya mwaka ule ilitaka jina la baba. Kwenye anwani ya nyumba tuliyohama zamani. Elinazi mwenyewe yuko Usangi mwaka wa ishirini na tatu sasa.

"Halafu," Hinrich akasema, akiizungusha kofia mkononi, "orodha ilikuwa imeshasainiwa."

Sikuuliza na nani. Kila Septemba baraza la wazee linapitisha orodha ya makaburi ya kufutwa. Nambari tupu, majina hayaandikwi, eti ni siri za watu. Chini anasaini mchungaji. Mwaka jana kichwa changu kilikuwa kwenye tiketi na zawadi za wajomba. Nilisaini nimesimama, mkoba begani.

C-4-17. Nimeitafuta ofisini leo. Ipo, ya sita kutoka juu. Na saini ni yangu, safi kabisa.


Ijumaa, 28 Februari

Sijala. Nimefundisha kipaimara: watoto watatu, mmoja anatafuna bigijii. Somo la leo lilikuwa mchungaji mwema anayewajua kondoo wake kwa majina. Niliruka ukurasa.


Jumapili, 2 Machi

Watu kumi na mmoja kanisani, pamoja na mpiga kinanda. Wote walijua. Mlangoni waliushika mkono wangu kwa muda mfupi kuliko kawaida, macho kwenye viatu vyangu. Tangu Krismasi wamepita pale na maua ya wazazi wao, wameona, wakasema ni uamuzi wa Mchungaji. Wakauheshimu! Nimechoka na heshima yao. Nyumbani angekwishatokea shangazi mmoja wa kunipigia simu na kunitukana, na mtoto wangu angekuwa na jiwe lake mpaka leo.

Elinazi alipiga simu jioni, kama kila Jumapili. Tunaongea kama ndugu wa mbali: mvua, magoti, nani kafa. Penieli alipofariki kwa homa ya uti wa mgongo, ana miaka mitano, Elinazi alitaka mwili urudi Usangi, alale migombani nyuma ya nyumba ya babu yake. Nilikataa. Nilikuwa na miaka thelathini na minne na moto wa utume unanichoma. Nikamwambia tumetumwa hapa, tutaishi hapa, tutazika hapa, ili hawa watu wajue hatukuja kutalii. Niliyasema hayo mbele ya jeneza. Na niliyaamini, Mungu wangu, wewe unajua niliyaamini.

Yeye akaniita kwa jina langu, akasema, "Namsifu, unamweka mtoto kwenye kaburi la kupanga. Siku moja mwenye nyumba atamtoa."

Miaka miwili baadaye akafunga virago. Mimi nikabaki. Dayosisi imeniita nirudi mara tatu, na mara zote nimeandika kwamba kazi ya Bwana haijaisha. Kazi gani? Watu kumi na mmoja. Nilibaki kwa sababu ya mtoto. Sikuwahi kuliandika hilo mahali popote, naliandika leo.

Jioni Elinazi aliuliza, "Umeshakwenda kumsalimia?" Nikasema nimekwenda. Huo si uongo. Hapana, ni uongo.


Jumatatu, 3 Machi

Nilikwenda ofisini saa mbili kamili, nikasema nataka kuongeza miaka, palepale, jiwe jipya litachongwa. Hinrich ndiye mwenye ramani. Aliikunjua, akaweka kidole, hakuniangalia.

"Pamechukuliwa, Mchungaji. Tangu Desemba. Frauke."

Frauke! Aliyemwosha Penieli pamoja nami. Ambaye ana pahali pake safu ya kwanza, kando ya mumewe Gerd, jina lake limeshachongwa kwenye jiwe, imebaki tarehe tu.

Nilikwenda moja kwa moja, hata koti sikuvua. Imke akanifungulia. Frauke alikuwa kitandani kando ya dirisha, mpira wa oksijeni puani, mdogo kuliko nilivyomwacha. Birika lilikuwa tayari juu ya mshumaa wake. Imke akatia sukari ya mawe, akamimina, ikaalika kikombeni. Tone la malai ya maziwa, bila kukoroga. Vikombe vitatu, ndiyo sheria ya hapa. Niliifahamu sheria hiyo kabla sijajua kuuliza choo kiko wapi.

"Umenenepa," Frauke akasema. "Kwenu wamekulisha."

"Umechukua pahali pa Penieli."

"Nimechukua. Kunywa kwanza."

"Una pahali pako kwa Gerd. Unataka nini pale kwa mwanangu?"

Alikohoa muda mrefu, Imke akamshika mgongo. Alipopata pumzi akasema, "Kikombe cha pili. Siku zote sisi tunaongea kwenye kikombe cha pili."

Nilikunywa cha kwanza kwa mkupuo, nikatia kijiko kikombeni. Kijiko ndani ya kikombe ni kusema basi, inatosha. Kukitia baada ya kikombe kimoja ni kumtemea mwenye nyumba usoni, na mimi ninalijua hilo vizuri kuliko wengi waliozaliwa hapa. Nikasimama.

"Miaka yote hii nimekuita mama," nikamwambia. "Kumbe ulikuwa unangoja kitanda cha mwanangu kipoe."

"Keti, mwanangu," akasema. "Bado viwili."

Nikaondoka.


Jumatano, 5 Machi. Jumatano ya Majivu

Watu saba. Nilisoma kwamba sisi ni mavumbi na mavumbini tutarudi, na sauti yangu ilikuwa sawasawa, hata haikutetemeka. Kazi ya miaka mingi inamfanya mtu aweze kusema chochote.

Sijui kama nilisali. Nilitamka maneno. Nilimwambia Mungu nimempa mtoto, mume na magoti yangu, na yeye ameshindwa kunitunzia mita moja na nusu ya udongo. Hakujibu. Amekuwa mtu wa hapa, naye.

Baada ya ibada nilifika mpaka getini kwa Frauke. Pazia lilikuwa wazi, taa inawaka. Ningeweza kugonga. Nikageuka. Ni kiburi, sina jina lingine la kukipa.

Kesho nitakwenda. Nitakunywa vyote vitatu.


Alhamisi, 6 Machi

Amefariki. Saa kumi na mbili asubuhi.

Imke alikuja mwenyewe, na koti juu ya nguo za kulalia. Hakulia. Alisimama jikoni akasema kwamba mimi ndiye jirani wa kwanza, kwa hiyo ni mimi wa kupita nyumba kwa nyumba kupasha habari. Nikasema ndiyo. Nikamwekea kiti. Nikamuuliza — sikujua naogopa nini mpaka nilipokwisha kuuliza — Frauke alitaka kuniambia nini Jumatatu.

"Hukujua?" Imke akasema. "Kabisa hukujua?"

Desemba walikuja watu wa mjini, mke na mume, wanatafuta pahali penye jua karibu na ukuta. Wakapapenda pale. Hinrich akaenda kumwambia Frauke, kwa kuwa mimi sikuwepo na yeye ndiye jirani. Frauke akamtuma Imke ofisini siku hiyohiyo.

"Alisema mtoto hawezi kulala chini ya watu asiowajua. Akasema, nitalala naye mimi. Nikamuuliza, na Baba je? Akasema Baba yako amelala peke yake miaka kumi na tisa, ameshazoea."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Simu zipo. Usangi mtandao unashika.

"Sote tulidhani umeamua kumwachia Mungu. Saini ilikuwa yako. Mama akasema hayo si maneno ya simu. Alisema akirudi tutakunywa chai, nitamwambia."

Kisha nikavaa nyeusi, nikapita nyumba kumi na nne. Kila mlango nilisema, "Frauke Saathoff amefariki leo alfajiri." Kila mlango wakasema asante kwa kutujulisha. Kwenye mlango wa tisa sauti ilikatika, na Bwana Harms, ambaye hajawahi kunigusa zaidi ya mkono, alinishika kiwiko akanisindikiza mpaka wa kumi.

Nilimwambia alikuwa anangoja kitanda kipoe. Ndilo neno langu la mwisho kwake. Hakuna la kulifuata.


Ijumaa, 7 Machi

Imke amekuja na karatasi za mazishi. Jumatatu saa tano. Nyimbo mbili, hataki hotuba ndefu. Halafu akaweka kalamu chini.

Anataka mama yake alale na baba yake. Jina liko kwenye jiwe. Watu watakwenda pale na maua, watakuta jina la mtu ambaye hayupo, na yeye Imke ataeleza mpaka uzeeni. Lakini Mama alisema, na neno lake ni neno. Yeye binti hawezi kulivunja.

"Wewe unaweza," akasema. "Wewe ni mchungaji, na mtoto ni wako. Ukisema alale kwa Baba, hakuna atakayenyanyua mdomo. Na pahali pa mtoto panarudi kwako, nitasaini mimi mwenyewe. Sote tunapata tunachotaka."

Sote, isipokuwa aliyekufa.

Ninakitaka! Naandika ili nijione nikiandika. Nataka jiwe lake, jina lake, waridi lake, peke yake, na mtu mwingine yeyote akae mbali. Nina haki. Neno moja tu, na Imke atanishukuru.

Na yule mwanamke aliacha kulala kando ya mume wake kwa ajili ya mwanangu.

Nimempigia Elinazi, na leo si Jumapili, kwa hiyo alipokea akiwa na hofu. Nimemwambia yote: orodha, saini, kijiko, kile nilichosema. Nilingoja aniambie alinionya.

"Huyo mama," akauliza, "ndiye aliyemfumia zile soksi nyekundu?"

"Ndiye."

Nikamsikia analia. Miaka ishirini na mitano sijamsikia. Kisha akaniambia jambo kwa Kipare, na hilo siliandiki. Hakuniambia cha kufanya. Nilimuuliza mara mbili na mara zote mbili akasema, "Wewe ndiye uliye hapo."


Jumamosi, 8 Machi

Mvua ya mlalo tangu alfajiri. Kaburi lazima lichimbwe leo, kesho Jumapili hakuna kazi.

Nimeandika mahubiri na kuyachana. Nimeandika mengine. Nimejaribu kusema, "Bwana, nionyeshe," na katikati nikajigundua namwelekeza jibu.

Saa tatu kasoro. Hinrich amegonga. Zamani majirani ndio waliochimba kwa mikono. Siku hizi anachimba yeye na mashine, dakika arobaini kazi imekwisha. Leo mashine ameiacha kibandani. Amesimama barazani na mabeleshi mawili, maji yanamtiririka kofiani, na moja amelielekeza upande wangu, mpini mbele.

"Wapi, Mchungaji?" Hilo tu.

Nimemwambia angoje nivae mabuti. Nikaja huku chumbani, nikafunga mlango, ninaandika. Namsikia anakohoa barazani. Hataniita, atasimama kwenye mvua hiyo mpaka nitoke.

Mabuti nimeyavaa tangu saa moja.