Simu Iliyolala Jumamosi

Jumatatu, 18 Agosti

Zamu yangu ya mikate ya Sabato ni Ijumaa hii. Unga upo, mayai hakuna. Leah atanunua. Leah ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha wanafunzi Wayahudi, kama watu tisa wanaweza kuitwa chama. Yuko mwaka wa nne wa udaktari na hajui kukanda unga. Mkate wake wa mwezi uliopita ungeweza kuvunja dirisha. Mimi nimekanda tangu utoto, kabla ya kuja kusoma huku kusini mwa Afrika, nyumbani Nyandarua, ambako babu aliacha kanisa akashika Torati na ukoo mzima ukamfuata.

Bango la mlango wa chumba chetu chuoni limechanwa tena. Mara ya kwanza nilikasirika. Leo nimeogopa tu. Tumekubaliana chakula cha Sabato kihamie kwa Leah, Berea, mtaa wa juu mlimani. Kwake kuna geti.

Jumanne, 19 Agosti

Baada ya darasa nimeshuka Albert Park, mtaa wa mjini wenye wageni wengi, kumwona kaka yangu Amosi. Anatengeneza simu kwenye duka la Papa Fiston, Mkongo mwenye moyo mzuri na sauti kubwa. Papa Fiston ananiita Msabato. Nimemweleza mpaka nimechoka kwamba mimi ni Myahudi. "Nyinyi bote munapumuzika samedi, dada. Ni kitu moja." Basi, samedi ndiyo Jumamosi yake, nimemwachia.

Amosi siku hizi huenda kanisani na kina Fiston kila Jumapili. Mama hajui. Jumamosi anafanya kazi kama kawaida. Alinitania kwamba nyumba ikiungua siku ya Sabato nitasubiri nyota zitoke ndipo nipige simu. Tulicheka.

Nikitoka nikaona karatasi zimebandikwa kwenye nguzo. Maandamano Jumamosi. Wageni warudi kwao, maduka yao yafungwe. Sikucheka tena.

Jumatano, 20 Agosti

Usingizi mbaya. Mama amepiga nikiwa kwenye foleni ya teksi, nikakata. Niliogopa kusikika nikiongea Kiswahili. Kumkatia mama simu! Nimejidharau siku nzima.

Chuoni naficha mkufu wangu wa nyota ya Kiyahudi. Mjini naficha lugha. Nimechoka kujificha na bado naogopa.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimemsihi Amosi aje Berea mpaka Jumamosi ipite. Hataki. Watafungua nusu mlango, simu za wateja zimo ndani, hawezi kumwacha mzee peke yake. "Iko polisi. Hao wa maandamano watapita tu." Ameanza kuongea kama Mkongo.

Nikamkumbusha kuwa kesho jioni nazima simu. Nilitaka aseme, dada, wiki hii usiizime. Angesema nisingeizima. Akasema, "Sharp," ile sawa ya vijana wa huku, akakata.

Ijumaa, 22 Agosti

Naandika haraka, jua linashuka. Mikate imeiva, imesokotwa vizuri, imepakwa yai. Leah anatandika meza. Mishumaa ikishawashwa siandiki, sishiki simu, mpaka nyota tatu zionekane kesho.

Nimemwuliza Leah kama naweza kuiacha simu bila kuizima. Kasema kuokoa roho ya mtu kunaruhusiwa, Sabato au si Sabato. Na kama hujui iwapo roho iko hatarini? Akarudi kupanga sahani. Anasomea udaktari, si urabi.

Nimeizima. Nimeiweka kwenye droo ya vijiko. Naweka kalamu.

Jumamosi, 23 Agosti. Usiku, nyota zimetoka



Asubuhi tulikuwa kwenye sala, helikopta ikaanza kuzunguka juu ya mji. Kutoka barazani kwa Leah tukaona moshi upande wa Albert Park. Si mwingi. Nikarudi ndani, nikashika kitabu, sikuona hata herufi moja. Nikaenda kwenye droo. Nikaiwasha simu mbele ya wote.

Nikampigia Amosi. Haipatikani. Nikapiga tena, na tena. Nimevunja Sabato na sikupata hata sauti yake. Niliketi sakafuni jikoni nikalia.

Alasiri geti likatikiswa kwa nguvu. Tuliganda. Leah akanong'ona tusifungue. Nilijua wametufuata mpaka hapa, sikujua ni akina nani, wa chuoni au wa mjini. Kisha nikasikia jina langu.

Amosi. Shati limechanika, midomo imekauka. Waandamanaji walivunja mlango wa duka, yeye na Papa Fiston wakatoka kwa mlango wa nyuma. Mzee yuko salama kwa shemeji yake. Simu yake mwenyewe ilibaki dukani. Kaka yangu amepanda mlima wote ule kwa miguu, akipita vichochoro.

"Nilijua leo simu yako imelala," akasema. "Hata ningeazima ya mtu, usingeshika. Nikaona nije unione kwa macho."

Sikumwambia kwamba nilipiga. Nilimkatia mkate. Alikula karibu wote.

Nyota zilipotoka tukaiaga Sabato. Nyumbani yeye ndiye aliyekuwa akishika mshumaa wa kusokotwa, kwa hiyo nikampa. Tukanusa karafuu, kama desturi. Ile baraka ya kuaga anaikumbuka yote, neno kwa neno. Nilimtazama tu.

Jumapili, 24 Agosti

Mvua kidogo. Nimefua.

Amosi hakwenda kanisani, yeye na Papa Fiston wameshinda dukani wakifagia vioo. Vitu vingi vimechukuliwa. Simu yake wameikuta nyuma ya kabati, chaji imekwisha.

Jioni, ilipowaka na kumwonyesha simu alizokosa, akanipigia.

"Jana ulinipigia?"

"Ndiyo."

"Mchana?"

"Asubuhi. Na mchana."

Nilisikia ufagio wa Papa Fiston nyuma yake.

"Eish, Tirza."

Akauliza zamu yangu ya mikate ni lini tena. Nikamwambia mwezi ujao, Ijumaa hii ni ya Leah.

Kasema atakuja hivyo hivyo.