Lori Namba Moja Ambalo Haliitwi

Ijumaa, Malaba, saa kumi na moja jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi, yadi ya malori ni tope tupu, na mimi nimekasirika hadi chai imenishinda kumaliza.

Nimejikasirikia mwenyewe zaidi. Wacha niseme hilo mapema, kabla sijaanza kuwasema wengine.

Kazi yangu ni kuthibitisha mifumo ya kompyuta kwa hesabu kabla haijaanza kutumika. Naandika kile ambacho mfumo unapaswa kutimiza, kisha nathibitisha kwamba utakitimiza siku zote, si leo tu. Safari hii ni foleni ya yadi moja ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Zamani karani aliandika malori kwenye daftari na kuyaita kwa mdomo. Tangu Jumatatu tuko kwenye majaribio: skrini ndiyo inayoita, na geti halifunguki ila kwa lori lililoitwa.

Niliujenga mfumo kwa hatua. Hatua ya kwanza ilikuwa nyepesi: malori yanaingia, yanapanga foleni, yanaitwa. Nikathibitisha mambo mawili. La kwanza, malori mawili hayataitwa getini kwa pamoja. La pili, kila lori lililoingia foleni hatimaye litaitwa.

Hatua ya pili nikaongeza kanuni aliyoitaka mwenye yadi: mzigo unaoharibika, kama samaki na nyanya, upite mbele. Nikakagua tena lile jambo la kwanza, likashika. La pili sikulikagua. Nilijiambia limeshathibitishwa kule juu, hatua ya kwanza, litashuka lenyewe hadi ya pili.

Halishuki.

Na nilijua! Hili tulifundishwa mapema kabisa. Ukiahidi kwamba jambo baya halitatokea, na ukaongeza maelezo kwa uangalifu, ahadi hiyo inarithiwa. Ukiahidi kwamba jambo jema litatokea, lazima uthibitishe upya kila hatua, kwa sababu kanuni mpya inaweza kulichelewesha milele. Nilikuwa na haraka, nikatia saini ripoti kwamba yote mawili yamethibitishwa. Mama yangu kule Matayos amenichosha maisha yangu yote na ile methali ya haraka haraka, na bado sikusikia.

Aliyeniumbua si kompyuta. Ni Mzee Wandera, dereva wa lori la chumvi, mtu wa Sigalame. Leo saa nne asubuhi alinikuta kwenye kibaraza cha ofisi, suruali imelowa hadi magotini.

"Dada, ni wewe wa hii skrini?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi niambie. Inasema mimi ni number one. Tangu Jumanne mimi ni number one. Number one gani haiendi?"

Nilidhani amesoma vibaya. Nikaenda kuangalia, na ni kweli. Kila anapokaribia kuitwa, lori la samaki linaingia na kuitwa kabla yake, naye anabaki namba moja. Halafu tangu Jumatano mawakala wa mizigo wameshaielewa kanuni yangu: lori la saruji linatupiwa kreti mbili za nyanya kando ya dereva, linaandikishwa kuwa mzigo unaoharibika, linapita. Watu wa mpakani hawahitaji mafunzo ya mfumo. Yule karani wa daftari angemwona mzee amekaa siku zote hizo, angemwambia tu apite.

Nikarudi ndani, nikakagua jambo la pili. Haikuchukua hata dakika moja. Kompyuta ikanionyesha chumvi iko mbele, nyanya inafika, nyanya inaitwa, nyanya nyingine inafika, na kuendelea hivyo bila mwisho. Niliona aibu.

Kuchelewa peke yake kungevumilika. Lakini tajiri wa Mzee Wandera, yaani mwenye lori, anaiona foleni hii kwenye simu yake, pamoja na ahadi yetu kwamba kila lori litaitwa. Anaona namba moja, siku ya nne sasa, na anajua Sigalame si mbali. Ameshaamua kwamba mzee ameegesha lori na kwenda kustarehe kwake. Kesho asubuhi anatuma dereva mwingine.

"Amesema niwache ufunguo," mzee aliniambia. "Na mama watoto sijamuona hata na jicho. Nimelala kwa hii matope."

Nikaenda kwa bosi wangu, Ekisa. Nikamwomba asimamishe majaribio siku mbili niweke kanuni kwamba baada ya mizigo mitatu inayoharibika lazima mzigo mkavu mmoja, kama chumvi, upite, nithibitishe upya. Na tumwandikie huyo tajiri ukweli. Ekisa hakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Monday tunaanza rasmi. Hiyo sentensi ya hatimaye si uitoe tu kwa report? Nani ataisoma?"

"Boss, mzee atafutwa kazi."

"Huyo si dereva wetu. Na usiandikie mtu kitu, utatuletea shida."

Yaani mfumo ukishindwa kutimiza ahadi, tunafuta ahadi!

Sasa niungame, maana hapa, kwenye kurasa hizi, ndipo ninapokujaga kusema ukweli. Nilifungua ripoti. Niliichagua ile sentensi yote, kidole kikawa juu ya kitufe cha kufuta. Nilifikiria kodi ya nyumba, nikafikiria ni kazi ngapi za namna hii ziko Busia nzima. Nilikaa hivyo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Kisha dirishani nikamwona Mzee Wandera akitoa vitu vyake ndani ya lori. Blanketi, sufuria, kiredio. Alikuwa anavipanga kwenye gunia bila haraka yoyote.

Nikatoka kwenye mvua, nikamwomba namba ya tajiri wake. Nikarudi ndani, nikamwandikia huyo tajiri kwamba lori halijawahi kuitwa, dereva hajaondoka yadini, kosa ni la mfumo, na nikaambatisha orodha ya malori yote yaliyoitwa tangu Jumanne.

Alijibu papo hapo: "Nyinyi ndio mliandika kila lori litaitwa. Nani alithibitisha hiyo maneno?"

Ekisa alikuwa chumba cha pili, anaagiza kwa simu hema za uzinduzi wa Jumatatu, kwa sauti kubwa.

Nikaandika majina yangu yote matatu, nikatuma.